Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii tumeisikia tangu utoto wetu. Mgeni akiingia nyumbani, kuku huchinjwa, wali hupikwa, na hata mtoto ambaye jana hakupata mboga leo hupata mchuzi. Ndiyo maana wazee wetu walisema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini liko swali moja ambalo methali yenyewe hailijibu. Mgeni akiingia katika mji mkubwa na mfuko wake wa fedha, ni mwenyeji yupi anayepona?

Swali hili si la matajiri peke yao. Jamaa zetu wengi wanakaa ng'ambo, na wazazi huenda huko kwa harusi, kwa ubatizo wa mjukuu, au kumtazama kijana anayemaliza masomo. Wakifika hupenda kuona miji ya kale na majengo yake yenye sifa. Tuutazame basi mji mmoja wa namna hiyo, New Orleans, ulioko kusini ya Marekani katika jimbo la Louisiana, kando ya mto Mississippi. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, habari za biashara ya watu weusi zinaonekana huko waziwazi tangu siku za utumwa mpaka leo. Pili, jina la Kongo limo katika mji huo, nasi tusingependa kulipita bila kulisalimu.

SOKO LA JUMAPILI

Wafaransa walianzisha mji huo mwaka wa 1718. Mwaka uliofuata meli za kwanza zilileta Louisiana Waafrika waliofungwa minyororo. Baadaye Wahispania walitawala, kisha nchi ikarudi kwa Wafaransa, nao wakaiuza kwa Marekani mwaka wa 1803. Kabla ya vita vya mwaka wa 1861 hadi 1865, New Orleans ulikuwa na soko la watumwa kubwa kuliko yote katika Marekani. Mgeni anayetembea leo katika mtaa wa kale uitwao Vieux Carré hustaajabia kuta nene, ua zenye chemchemi na roshani za chuma zilizofumwa kama kazi ya sindano. Akumbuke kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na waashi, maseremala na wahunzi weusi, wengine watumwa, wengine watu huru.

Akivuka barabara ya Rampart ataingia mtaa wa Tremé, mmoja wa mitaa ya watu weusi iliyo ya kale zaidi katika Marekani. Hapo mlangoni pana uwanja mpana wenye miti mikubwa. Ndio Congo Square, yaani Uwanja wa Kongo. Sheria ya Wafaransa ya mwaka wa 1724 iliwakataza mabwana kuwafanyisha watumwa kazi siku ya Jumapili. Kwa hiyo Jumapili alasiri watumwa walikusanyika nyuma ya mji, wakapiga ngoma na kucheza michezo ya kwao. Wengi wao walikuwa wametoka katika nchi za Kongo na Angola, na jina la nchi hizo likabaki hapo hata leo.

Wageni wengi husimuliwa habari za ngoma hizo, kwani katika ngoma hizo mna mzizi mmoja wa muziki wa jazz. Lakini uwanja ule ulikuwa soko vilevile, na habari za soko husahauliwa. Wanawake weusi waliuza matunda, vinywaji vya tangawizi, peremende za karanga na maandazi ya wali yaitwayo calas. Wengine walizunguka barabarani na bakuli kichwani, wakiwauzia watu waliotoka katika Misa, maandazi yangali moto.

Katika siku za Wahispania sheria ilimpa mtumwa haki ya kuomba bei yake itajwe. Akiisha kuileta fedha hiyo yote alikuwa huru, bwana wake akitaka asitake. Kwa njia hiyo watu wengi walijikomboa, na wanawake wa sokoni walikuwa miongoni mwao. Hata baada ya Wahispania kuondoka wako waliofaulu kununua uhuru wao. Husimuliwa habari za Rose Nicaud, mwanamke mtumwa, aliyeuza kahawa karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Ludoviko mwanzoni mwa karne ya 19. Senti kwa senti aliweka akiba, mpaka akajinunua mwenyewe.

Tumfikiri sasa mtu aliyenunua kikombe kwa Rose. Mtu huyo hakutoa sadaka. Alipata kahawa yake, akainywa, akafurahi, akaenda zake. Lakini senti aliyoiacha pale haikuwa sawa na senti ambayo angeiacha katika hoteli ya bwana fulani. Katika mkono wa Rose, senti ile ilikuwa kipande cha uhuru.

WALIONUNUA VITI KWA AJILI YA WENGINE

Hatua chache kutoka uwanja huo liko kanisa la Mtakatifu Agostino, lililowekwa wakfu mwaka wa 1842. Waliohangaika sana kulipata walikuwa watu weusi huru wa Tremé. Zamani hizo jamaa hukodi viti vyao kanisani kwa fedha. Watu huru weusi walipoanza kulipia viti, Wazungu wa mtaa huo waliona wasiwasi, nao wakaanza kulipia vingi ili wasizidiwe. Yakawa mashindano ambayo wakaaji wa Tremé huyaita hata leo vita vya viti. Mwisho wake weusi walishinda, wakapata viti vitatu kwa kila kiti kimoja cha Wazungu. Kisha wakalipia safu zote za pembeni, kushoto na kulia, wakawapa watumwa, ili nao waketi katika nyumba ya Mungu mahali palipo pao.

Fedha hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika sindano ya mshonaji, katika nyundo ya fundi viatu, katika mwiko wa mwashi. Mtu mweusi mwenye kazi yake mwenyewe na wateja wake mwenyewe aliweza kumpatia ndugu yake mtumwa kiti. Mtu asiye na duka wala ufundi angetoa wapi?

Tabia hiyo ya kusaidiana haikuisha. Weusi wa New Orleans waliunda vyama vya mchango, mfano wa likelemba yetu. Kila mmoja alitoa kidogo, na chama kikalipa mganga wakati wa ugonjwa na mazishi wakati wa kifo. Vyama vya namna hiyo vipo mpaka leo. Siku za Jumapili, katika majira yake, kila chama hufanya maandamano pamoja na tarumbeta na ngoma, na watu wa mtaa hufuata nyuma wakicheza. Hapo kandokando utawaona wauzaji wadogo wenye nyama ya kuchoma, soseji na maji baridi. Mgeni anayefuata maandamano hayo na kununua chakula chake papo hapo amelisha jamaa ya mtaa huo.

BARABARA ILIYOPOTEZA KIVULI

Utumwa ulipokwisha ulikuja ubaguzi wa sheria. Mwaka wa 1892 Homer Plessy, fundi viatu wa New Orleans, alikaa makusudi katika behewa la Wazungu ili sheria ipingwe mahakamani. Mwaka wa 1896 mahakama kuu ya Marekani ilimkatalia, na tangu hapo mlango mmoja uliandikwa weupe na mwingine weusi, kwa zaidi ya nusu karne. Mtu mweusi msafiri hakujua alale wapi wala ale wapi. Kwa sababu hiyo Victor Hugo Green, mchukuzi wa barua aliyekaa Harlem ya New York, alianza mwaka wa 1936 kuchapisha kitabu chenye majina ya hoteli, nyumba za chakula, vinyozi na vituo vya petroli ambapo mweusi angepokewa kwa heshima. Kitabu hicho kilichapishwa kwa miaka ipatayo 30, na mwandishi wake alitumaini kwamba siku moja hakitahitajiwa tena.

Katika New Orleans barabara kuu ya weusi ilikuwa Claiborne. Katikati yake palikuwa na safu za mialoni mikubwa, na chini ya kivuli hicho jamaa zilikaa siku za sikukuu. Pande zote mbili palikuwa na maduka, maduka ya dawa, ofisi za bima, washonaji na nyumba za mazishi, mali ya weusi wenyewe.

Mwaka wa 1964 sheria ya serikali iliuondoa ubaguzi katika hoteli na nyumba za chakula. Ilikuwa haki, na watu walikuwa wamemwaga damu kwa ajili yake. Lakini tusifiche jambo la pili. Wateja weusi sasa waliweza kwenda kokote, nao wakaenda kokote. Weupe wachache tu ndio waliokuja kula na kununua katika mitaa ya weusi. Mlango uliofunguliwa ulipitisha fedha upande mmoja tu.

Juu ya hayo, mwaka wa 1966 serikali iliikata mialoni ya Claiborne na kujenga juu ya barabara hiyo njia kuu ya magari, inayosimama juu ya nguzo za saruji. Nyumba zikabomolewa, maduka yakafungwa mmoja baada ya mwingine. Mgeni anayetoka Uwanja wa Kongo kufuata barabara ya Orleans atapita chini ya njia hiyo. Asimame kidogo asikilize ngurumo ya magari juu ya kichwa chake, ndipo ataelewa kwamba biashara za weusi hazikufa zote kwa uvivu wa wenyewe, kama wengine wanavyosema.

MEZA YA MAMA LEAH

Akiendelea mbele kidogo atafika pembeni mwa barabara hiyo hiyo ya Orleans, kwenye nyumba ya matofali iitwayo Dooky Chase's. Nyumba hii ya chakula ilianzishwa mwaka wa 1941. Mwaka wa 1946 kijana wa nyumba, mpiga tarumbeta, alimwoa Leah Lange, msichana aliyesomeshwa na Masista weusi wa Jamaa Takatifu, shirika lililoanzishwa katika mji huo huo na Henriette Delille mwaka wa 1842. Leah alikuwa amefanya kazi ya kuhudumia meza katika Vieux Carré, akaona jinsi Wazungu walivyotandikiwa meza kwa heshima. Akaazimia kwamba na watu wake watandikiwe vitambaa vyeupe, wapewe sahani nzuri na kuitwa Bwana na Bibi.

Tazameni kazi iliyofanywa na nyumba hiyo moja. Siku ya Ijumaa wafanyakazi weusi, ambao benki hazikuwajali, walileta hundi zao za mshahara, wakapewa fedha taslimu. Wachoraji weusi ambao hakuna aliyeonyesha kazi zao walipata ukuta wa kutundika picha. Katika chumba cha juu, weusi na weupe waliopigania haki walikaa pamoja kula na kufanya mipango, ingawa sheria ilikataza wasiketi meza moja. Martin Luther King alifika hapo, na Thurgood Marshall pia. Polisi walijua, lakini hawakuthubutu kuvamia nyumba iliyopendwa na mji mzima.

Chakula chenyewe hakitakuwa kigeni sana kwetu. Mchuzi wao mkuu ni gumbo, na jina hilo latoka katika lugha za Kibantu, katika jina la bamia. Hata Kifaransa husema gombo. Siku ya Alhamisi Kuu hupikwa gumbo ya majani, yenye aina nyingi za mboga, kwa desturi aina tisa, pamoja na nyama ya kula mara ya mwisho kabla ya mfungo wa Ijumaa Kuu. Mama anayejua kutwanga sombe hatahitaji kufundishwa uzuri wake.

Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iitwayo Katrina ilipiga, kuta za kuzuia maji zikabomoka, na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Watu zaidi ya 1,000 walikufa katika Louisiana. Maelfu ya weusi waliohamishwa hawakurudi tena, kwa kuwa hawakuwa na mali ya kujenga upya. Mama Leah alikuwa na umri wa miaka 82. Nyumba yake ya chakula iliharibika, naye na mume wake wakakaa katika kijumba cha magurudumu ng'ambo ya barabara, wakiitazama. Wapishi wenzake, weusi kwa weupe, walifanya karamu ya kumchangia, na mwaka wa 2007 milango ikafunguliwa. Alipika mpaka uzee mkuu, akafariki mwaka wa 2019 mwenye miaka 96. Watoto na wajukuu wake wanaendesha kazi mpaka leo.

MGENI AFANYE NINI?

Msomaji mmoja ataweza kuuliza: "Kuchagua duka kwa rangi ya mwenyewe, si ubaguzi ule ule uliogeuzwa?" Swali ni jema, tulijibu kwa utulivu. Hatusemi mgeni amchukie mtu wala apite mlango wa mtu kwa dharau. Twasema kwamba katika mji huu zaidi ya nusu ya wakaaji ni weusi. Wageni huja kwa ajili ya muziki wao, mapishi yao na sikukuu zao. Lakini fedha nyingi za wageni huingia katika mikono mingine, na weusi hubaki jikoni na kwenye ufagio. Kumlipa mtu kwa kitu alichokitengeneza si upendeleo. Ni haki yake.

Tena hatusemi mtu anunue kitu kibaya kwa huruma. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huruma humleta mteja mara moja, lakini ubora humrudisha. Ukiona kosa, mwambie mwenye duka faraghani, kwa adabu, kama unavyomwambia ndugu, usimtangaze barabarani.

Basi mgeni aanze na kitanda. Baada ya tufani nyumba nyingi za Tremé ziligeuzwa kuwa za kupangisha wageni kwa siku chache, kodi zikapanda, na wenyeji wakasukumwa nje. Aulize kwanza nyumba ni ya nani. Katika barabara ya LaSalle iko hoteli iitwayo Dew Drop Inn, iliyoanzishwa mwaka wa 1939 na Frank Painia, kinyozi mweusi. Huko walilala na kuimba Ray Charles na Little Richard, wakati hoteli nyingine zisingewapokea. Muziki wake ulinyamaza kwa zaidi ya miaka 50, na mwaka wa 2024 hoteli ikafunguliwa tena.

Kisha atafute kiongozi wa matembezi aliyezaliwa mitaa hiyo, kwani atamwonyesha soko pale ambapo wengine huonyesha ngoma tu. Akitaka vitabu vya kuwapelekea watoto, katika Bayou Road liko Community Book Center, duka la vitabu la weusi lenye umri wa miaka zaidi ya 40. Akisimama kusikiliza wapiga tarumbeta barabarani, asiwapige picha na kuondoka. Kofia iliyo chini ndiyo mshahara wao.

Mezani asisahau matabishi. Katika nchi yetu ni zawadi tu, lakini huko ni sehemu ya mshahara, kwa maana sheria humruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa meza dola 2.13 tu kwa saa, mradi matabishi yajazilize. Desturi ni asilimia 15 hadi 20 ya bei. Na bei yenyewe asiibishanie kana kwamba mwenye duka mweusi hana kodi, hana umeme wa kulipa, hana watoto shuleni. Wako watu wanaolipa bila neno katika duka kubwa, wakifika kwa ndugu yao ndipo hukumbuka kupunguziwa. Hao hawamsaidii ndugu; wanamla.

Mwisho, akirudi kwake awaambie wengine jina la nyumba aliyotendewa vema. Neno la mteja aliyeridhika ndilo tangazo ambalo mfanyabiashara mdogo hawezi kulinunua.

Baba na mama msomao ukurasa huu, huenda siku moja mtasimama katika Uwanja wa Kongo, mkono wa mjukuu mkononi mwenu. Mwelezeni mtoto kwamba mababu waliocheza hapo walikuwa na jamaa katika nchi yetu. Mwelezeni pia kwamba pembeni mwa ngoma alikuwapo mwanamke na bakuli lake, aliyehesabu senti zake jioni na kuona uhuru unakaribia. Kisha mfuateni barabara ya Orleans, mkaketi katika meza ya weusi, mkale, mkalipe bei kamili kwa furaha. Hapo mgeni atakuwa amekuja kweli, na mwenyeji atakuwa amepona.